Mikono ya Mama Amne

Miaka ile ya Mdachi, gari-moshi lilipokuwa limekwisha kufika Mombo, paliishi karibu na Korogwe mwanamke mmoja jina lake Mwaija. Mumewe aliitwa Mhina. Walilima mahindi na mihogo. Siku nyingine Mwaija alikwenda kufanya kibarua kwenye shamba la mkonge. Kazi yake ilikuwa kuanika nyuzi mbichi juani.

Jioni Mwaija alipiga ngoma. Katika kijiji chao ngoma za wanawake zilikuwa tatu, na ile kubwa ilikuwa yake. Akianza kuipiga, hata wanawake waliochoka na jembe walisimama wakacheza.

Mwaka huo binti yake, Amne, alikuwa mwali. Aliwekwa ndani kwa bibi yake huko Misima, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Kabla hajaingia ndani, Mwaija alimwambia, "Mwanangu, siku ya kutoka nitakupigia ngoma mimi mwenyewe. Sitamwachia mtu."

Zilipobaki siku ishirini, Mwaija alianza kufanya mazoezi kila jioni. Mchana alishika mkonge, jioni alishika ngoma. Maji ya mkonge yaliwasha ngozi yake, nayo ikakauka na kupasuka. Kisha ngoma ikamtoa malengelenge viganjani.

Aliyemfundisha ngoma alikuwa Bibi Zamda, kiongozi wa wapigaji. Mwaija akamwendea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umeficha mikono?"

Mwaija akaionyesha. Bibi Zamda akaitazama kidogo tu.

"Ndiyo ngoma hiyo," akasema. "Mkono usiotoka damu haujajua ngoma. Toboa malengelenge kwa mwiba, paka majivu, endelea kupiga. Ngozi itakuwa ngumu."

Mwaija akafanya hivyo. Akachuma mwiba, akatoboa. Akapaka majivu ya jikoni. Akafunga viganja kwa kipande cha kaniki kuukuu, akapiga ngoma siku tatu zaidi.

Siku ya nne hakuweza kushika mwiko. Kiganja cha kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, cha moto. Alijaribu kusonga ugali, machozi yakamtoka. Mhina akauchukua mwiko mkononi mwake.

"Kaa chini, mama Amne," akasema. "Leo nitasonga mimi."

Ugali wake ulikuwa na madonge. Akamega tonge, akalichovya kwenye mboga, akamlisha mkewe. Mwaija alikula akiwa ameinamisha uso.

"Unaona aibu?" Mhina akauliza.

"Sioni aibu. Ninaogopa. Mkono huu usipopona, nitamwambia nini mtoto?"

Mhina akamega tonge jingine.

Jirani yao alikuwa mwanamke wa Kishambaa, jina lake Elina. Watu walimwita Mama Hiza. Kabla ya kuolewa huku bondeni, alifanya kazi kule Lutindi, katika nyumba ya wagonjwa ya misheni. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda na kufua vitambaa vya kufungia. Asubuhi Mhina akaenda kupiga hodi kwake.

Elina alikuja upesi. Akanawa mikono kwanza, ndipo akafungua kile kipande cha kaniki, polepole sana, akikilowesha kila kiliponata.

"Pole, Mama Amne. Unaumia hapa kwapani?"

"Kidogo. Pana mtoki, pamevimba."

"Umepata homa?"

"Bado."

Elina akautazama mkono wote, kutoka kiganjani mpaka begani. "Natafuta mstari mwekundu unaopanda juu," akasema. "Sijauona. Ukitokea, au ukipata homa, hatungoji. Siku hiyo hiyo tunakwenda Korogwe kwa waganga wa hospitali. Mkono kama huu ukipuuzwa unaweza kuua mtu."

Mhina akasogea karibu. "Tufanye nini sasa?"

"Chemsha maji, Baba Amne. Yachemke sawasawa. Tia chumvi kidogo, kisha yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu."

Elina akauloweka mkono wa Mwaija ndani ya maji yale. Akauosha taratibu mpaka majivu yote yakatoka. Akaukausha, akaufunga kwa kitambaa safi alichokuja nacho, kisha akauinua juu ya mto.

"Lengelenge ni kifuniko cha mwili wenyewe," akaeleza. "Chini yake ngozi mpya inaota. Ukilitoboa kwa mwiba, unafungua mlango. Ukipaka majivu, unaingiza uchafu ndani. Liache. Likipasuka lenyewe, lioshe na ulifunike kwa kitambaa safi."

"Na ngoma?" Mwaija akauliza.

"Usiiguse mpaka ngozi ifunge. Wala mkonge usiuguse."

"Mama Hiza, zimebaki siku kumi na tatu."

Elina akaukalia mkeka karibu naye. "Najua. Ukipumzika leo, huenda ukapiga siku ile. Usipopumzika, huenda usipige tena."

Mwaija akasema, "Haya. Nitapumzika."

Kila asubuhi na kila jioni Mhina alichemsha maji. Alichemsha pia vitambaa, akavianika juani. Wanaume waliopita njiani walimcheka. "Mhina amekuwa mke," wakasema.

"Mikono hii imenilisha miaka kumi na sita," Mhina akajibu. "Mimi nimeiosha siku tatu tu." Wakapita zao.

Siku ya tatu usaha ulitoka wenyewe. Elina akasema usikamuliwe. Siku ya tano uvimbe ukapungua na mtoki ukaisha. Mwaija akaweza kukunja vidole. Akamwita Mhina amwone akivikunja na kuvikunjua, akavikunja tena.

Siku hiyo Bibi Zamda akaja kumjulia hali. Alimkuta Elina akifunga kitambaa. Akaketi mkekani. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele yao. Kidole cha kati hakikukunjika.

"Nilikuwa msichana," akasema. "Nilitoboa kwa mwiba kama nilivyokuambia wewe. Mkono ukavimba kuliko huo wako. Nilipona, lakini kidole hiki kilikufa. Mama yangu aliniambia ndiyo ada ya ngoma, nami nikaamini. Nisamehe, mwanangu."

Mwaija akakishika kile kidole kwa mkono wake mzima. "Hukujua, bibi. Hata mimi sikujua."

Elina akamgeukia Bibi Zamda. "Mimi najua vidonda, bibi. Ngoma siijui. Tuambie, mpigaji anaumizwa na nini hasa?"

Bibi Zamda akafikiri. "Anaumizwa na ukingo wa ngoma ukiwa na ncha. Anaumizwa na pete na bangili. Anaumizwa akipiga kwa hasira, mkono mkavu kama ubao. Mkono unatakiwa uwe mlegevu. Uguse ngozi, uondoke, uiache ngozi ilie yenyewe. Na mtu asianze kwa nguvu. Aanze polepole mpaka mikono ipate joto."

"Basi dawa kubwa unayo wewe," Elina akasema. "Jambo langu ni moja tu. Ngoma ikiisha, nawa, jikaushe, paka mafuta. Mafuta ya nyonyo yanafaa, na ya nazi pia. Usipake kabla ya kupiga, mkono utateleza. Sugu zikiwa nene usizikate kwa kisu. Loweka mikono, kisha zisugue taratibu kwa jiwe laini la mtoni."

"Na maji ya mkonge?" Mhina akauliza.

"Ukitoka kazini, osha mikono papo hapo. Usingoje kufika nyumbani."

Kesho yake Mhina akachuma majani ya msasa, akausugua ukingo wa ngoma kubwa mpaka ukawa laini. Siku ya tisa ngozi ya kiganja ilikuwa imefunga. Ilikuwa nyororo, ya rangi ya waridi. Elina akamruhusu apige kidogo, kwa muda wa kuchemka chungu kimoja cha maji. Mkono ulipoanza kumchoma, Mwaija akaacha. Zamani asingeacha.

Siku ya kumi na moja wakaondoka pamoja na Bibi Zamda kwenda Misima. Mhina alibeba ngoma. Elina alibaki, lakini aliwapa kibuyu cha mafuta na vitambaa vitatu vilivyochemshwa.

Siku ya kumtoa mwali, uwanja ulijaa watu. Mwaija alivua bangili zake, akampa Mhina. Akaanza polepole, mikono milegevu, huku ngozi ya ngoma ikilia yenyewe. Mlango ukafunguliwa. Amne akatoka, amepakwa mafuta, shanga shingoni, macho chini. Alipoisikia ile ngoma kubwa akainua macho kumtafuta mama yake, ingawa mwali hatakiwi kufanya hivyo. Hakuna aliyemkemea.

Mwaija hakupiga mpaka mwisho. Alipochoka, Bibi Zamda akaingia mahali pake. Akapumzika, akanywa maji, akarudi. Walipokezana hivyo mpaka jua likapunga. Ngoma haikukatika hata mara moja.

Baadaye Amne akakaa karibu na mama yake. Mwaija alikuwa amekwisha nawa, naye Mhina alikuwa akimpaka mafuta viganjani. Hapakuwa na damu wala lengelenge.

"Mama," Amne akasema, "nami nataka kujua ngoma."

"Lete mikono," Mwaija akamwambia.

Amne akaipeleka kwenye ngoma.

"Hapana, siyo huko. Ilete kwangu kwanza."

Akaishika mikono ya binti yake, akaiosha kidole kwa kidole, akaikausha kwa kitambaa safi.