Sekunde Nne za Editha

Kaka yangu Thadeo alikuja na ile mashine siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa naanika nepi uani. Nilimwamkia, akaitika, akapita moja kwa moja hadi sebuleni na kuiweka mezani. Ilikuwa nyeusi, pana kama sinia, ina vitufe vingi na sahani mbili za kuzungusha kwa mkono, moja kushoto na moja kulia. Aliinunua ya mtumba hapo hapo Mikumi, kando ya barabara kuu. Miaka ile vitu vya nje vilikuwa vimejaa kila mahali, na hata mtu wa kawaida aliweza kupata kitu ambacho zamani tulikiona kwenye televisheni tu.

"Hii ndiyo mashine ya kazi," alisema. "Pasaka napiga disko toto."

Mke wake, wifi yangu Hildegarda, alikuwa anachagua maharage. Hakuinua macho.

Wakati huo nilikuwa nakaa kwao. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya miwa, nami nilikuja na mwanangu Filipo, wa miezi mitano, nikae na wifi kwa sababu ya msiba. Mtoto wao wa pekee, Editha, mwenye miaka saba, alikuwa amechukuliwa na maji kule Kilosa, Mto Mkondoa ulipovunja kingo. Kaka alituambia alikuwa amemshika mkono, maji yakampokonya. Mwili haukuonekana. Nyumba nayo ilikwenda, ndipo wakahamia Mikumi, maana wifi hakutaka kuuona tena mto ule.

Kwetu Vidunda, mtu asiyepatikana mwili huzikiwa kipande cha mgomba. Tulikizika kule mlimani, kimevishwa sanda, pamoja na gauni mbili ambazo Editha aliziacha kwa bibi yake, daftari lake na kikombe chake. Mama yetu alimuuliza kaka mara mbili pale kaburini.

"Hakuna chake kilichobaki, Thadeo? Kisibaki kitu cha kumwita."

"Hakuna, mama."

Kilikuwepo. Kilikuwa mfukoni mwake wakati anajibu.

Ilikuwa flashi ndogo, na ndani yake sauti ya Editha, sekunde nne. Kule Kilosa kila disko toto lilifunguliwa kwa sauti hiyo: "Njooni wote, baba yangu anapiga!" Kisha kaka aliikwaruza. Aliisukuma sahani mbele na kuirudisha haraka haraka, neno likakatika vipande: ba, ba, ba-baba. Watoto walipiga kelele za furaha, na Editha mwenyewe alikuwa akiruka mbele yao wote.

Mashine mpya ilimsumbua kuanzia saa ya kwanza. Alinieleza huku akihangaika nayo, kwa kuwa nilikuwa pembeni nanyonyesha.

"Hii haina nyimbo ndani, mdogo wangu. Nyimbo ziko kwenye kompyuta. Hii ni mikono tu. Ile programu iliyomo kwenye kompyuta lazima iijue hii mikono, kila kitufe kina kazi gani."

Kompyuta yake ilinusurika mafuriko kwa sababu siku ile ilikuwa kwa fundi. Programu iliyokuwamo ilikuwa ya zamani, na mashine ilikuwa ya juzi. Kaka alishinda akiifundisha kitufe kimoja kimoja. Vitufe vikakubali. Sahani zikagoma. Alisukuma sahani, wimbo ukaendelea kana kwamba hakuna aliyeugusa. Alipoondoa mkono ndipo ukakwaruza. Nilihesabu kimoyomoyo: moja, mbili. Kila mara sauti ilichelewa hivyo hivyo, haizidi, haipungui.

Jioni akaja Abubakari, fundi wa kompyuta, kijana mwenye maneno mengi.

"Hizi haziivani, kaka," alisema baada ya kuichungulia. "Mkono unafika leo, sauti inafika kesho. Kupiga nyimbo utapiga, ila kukwaruza usahau. Nitakutafutia Morogoro programu inayoendana nayo. Ijumaa Kuu nakuletea."

"Na mpaka Ijumaa nikwaruze nini?"

"Kwaruza masufuria, DJ. Shemeji anayo ya kutosha."

Kaka alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga. Fundi alipoondoka, akachomeka flashi.

Wifi aliposikia ile sauti alisimama, maharage yakamwagika.

"Thadeo. Hiyo hukuizika?"

"Ni sekunde nne tu, Hilda. Niachie sekunde nne."

Aliweka mkono kwenye sahani ya kushoto, akasukuma na kurudisha. Moja, mbili. Ba, ba, ba-baba. Akaondoa mkono. Sauti ikamalizika, na ule mstari kwenye kioo cha kompyuta ukafika mwisho. Tukadhani imekwisha.

Tukasikia maji. Hayakuwa maji ya bomba. Yalikuwa maji mengi, yanapita kando ya kitu kilichosimama. Kisha sauti ile ile ikasema taratibu, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili:

"Baba."

Filipo aliacha kunyonya na kugeuza shingo.

Kaka aliangalia urefu wa sauti kwenye kioo. Sekunde nne. Aliipiga tena bila kutumia mashine, kwa kompyuta peke yake. Njooni wote, baba yangu anapiga. Basi. Hakuna maji, hakuna kingine. Aliporudi kwenye sahani, maji yakaja tena.

Jumatano alifunga mlango wa mbele tangu asubuhi. Alikwaruza hadi vidole vikavimba. Saa nane mchana ikaja: "Baba, nipo."

Wifi alipiga magoti karibu na spika, akaiwekea sikio. Hakuwa akilia. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukiona kwake muda mrefu, nami nikaogopa kukiita furaha.

"Uko wapi, mama?" aliuliza. "Sema uko wapi tukufuate."

Siku ile hakula. Nilimpelekea uji, akaniambia kwa kunong'ona, "Wifi, anapita kwenye kule kuchelewa. Kati ya mkono na sauti pana nafasi, naye yumo. Wakiiziba, atapitia wapi?" Nilichukua kikombe cha uji. Kwa nje kilikuwa kimelowa, na mikono ya wifi ilikuwa mikavu.

Alhamisi, kabla ya saa sita, Editha akasema: "Baba, nipo kwenye ngazi."

"Ngazi gani?" Wifi alimgeukia kaka. "Thadeo, ngazi gani?"

"Sijui."

Alijibu upesi mno. Alifunga kompyuta, akatoka uani, akasimama akiutazama ukuta. Mimi sina mazoea ya kumhoji mtu aliyenizidi umri. Lakini nilimjua kaka yangu. Mtu asiyejua angeuliza. Yeye hakuuliza.

Ijumaa Kuu, Abubakari alileta programu kwenye CD. Sasa kaka ndiye aliyekuwa na haraka.

"Iweke. Iweke sasa hivi."

"Kabla hajamaliza kusema?" Wifi alisimama mbele ya meza.

"Nani hajamaliza kusema?" Abubakari akacheka kidogo, akatutazama usoni mmoja mmoja, akaacha kucheka. "Shemeji, bila hii sahani haziwezi kuusikia mkono."

"Zinasikia."

Wifi aliichukua ile CD mkononi mwa fundi, akaenda nayo jikoni, akaisukuma kwenye mkaa. Harufu yake ilikaa ndani ya nyumba hadi Jumapili. Abubakari aliondoka bila kuaga, na kaka alikaa kwenye kochi, kichwa kati ya mikono.

Jumatatu ya Pasaka ilifika na disko toto halikuweza kuahirishwa. Watoto walikuwa wameahidiwa na ukumbi ulikuwa umeshapambwa. Kabla hatujatoka, kaka aliichomoa flashi mbele yangu, akaitia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo.

"Leo ni nyimbo tu," aliniambia. "Sigusi sahani. Umenisikia, mdogo wangu? Sigusi."

Ukumbi ulikuwa nyuma ya baa moja, una madirisha makubwa, jua limejaa ndani. Saa tisa walishafika watoto zaidi ya mia, na nguo mpya za sikukuu, viatu vinavyowaka taa, maputo, midomo myekundu kwa ubuyu. Wifi alikaa mlangoni akipokea tiketi. Mimi nilisimama karibu na kaka, Filipo mgongoni. Ilianza vizuri. Watoto walicheza mpaka vumbi likapanda. Kaka alianza kutabasamu.

Kisha wimbo ukakatika.

Kaka aliinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Alitaka nione. Nikaona. Hakugusa kitu.

Sahani ya kushoto ilikuwa inazunguka. Mbele. Nyuma. Mbele.

Moja.

Mbili.

Ba, ba, ba-baba.

Watoto wakashangilia. Kaka alishika mfuko wa shati. Flashi ilikuwemo. Akavuta waya wa mashine, ukachomoka na kubaki mkononi mwake. Sahani haikusimama.

Maji yakaja. Yalijaza ukumbi mzima. Msichana mmoja wa mbele aliinua mguu, akatazama sakafu, kisha akaendelea kucheza.

"Baba, nipo kwenye ngazi."

Watoto walitulia, wanasikiliza, wakidhani ni mchezo.

"Ulisema nisubiri. Nasubiri. Spika umeshazivusha?"

Haikuwa sauti ya kulaumu. Hilo ndilo lililonimaliza. Ilikuwa sauti ya mtoto mtiifu anayeuliza kama kazi ya baba yake imekwisha.

"Nasubiri," ikasema tena.

Na watoto zaidi ya mia, kwa sababu ndivyo wanavyofanya kwenye disko toto, wakaitikia kwa pamoja: "Nasubiri!"

"Nasubiri."

"Nasubiri!"

Sahani ikasimama.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na tiketi mkononi. Alipita katikati ya watoto, polepole, hadi mbele ya mume wake. Hakupaza sauti.

"Ulisema ulikuwa umemshika."

"Maji yalikuwa ya magotini, Hilda." Kaka aligusa goti lake. "Ya magotini tu. Spika zilikuwa za watu. Nikamweka kwenye ngazi za ukumbi, pale juu kabisa. Nikamwambia usitoke, baba anavusha spika hadi kwenye tuta la reli, anarudi. Sikukaa. Naapa sikukaa. Niliporudi hapakuwa na ngazi."

Wifi alifungua kifungo cha mfuko wa kaka, akatoa flashi, akaifunga kwenye pindo la khanga.

"Twende tukamchukue," alisema.

Kesho yake tulikwenda Vidunda, gari hadi chini ya mlima na miguu hadi juu, kaka, wifi, mimi na mwanangu. Mama alitusikiliza, hakumgombeza kaka hata neno moja. Alimpa jembe tu. Walifukua lile kaburi mchana, jua likiwa kichwani. Mgomba ulikuwa haujaoza. Juu yake zilikuwa gauni mbili, tulizozikunja kavu miezi mitatu nyuma. Sasa zilikuwa zimelowa chepechepe, na ndani ya mikunjo yake mlikuwa na mchanga mweusi wa mto. Kule ni mlimani. Hakuna mto karibu.

Kaka alizikamua zile gauni kwa mikono yake, akazikunja upya, akaweka flashi katikati, akazirudisha kaburini. Alilala kifudifudi ukingoni mwa shimo, na nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Nimerudi, mwanangu. Nimechelewa. Twende nyumbani."

Hakupiga tena disko. Mashine aliichukua Abubakari, akaiwekea nakala nyingine ya programu ile aliyoitafuta Morogoro, na anasema sasa zinaivana vizuri, mkono na sauti pamoja, hakuna kuchelewa. Kaka anakata miwa mashambani. Wifi alirudi kwa wazazi wake Kisanga. Hawakuachana kwa ugomvi. Kila Jumatatu ya Pasaka wanakutana kaburini, wanapalilia, wanakaa, kila mmoja anashika njia yake.

Ningeyaacha hapo, kama si mwanangu.

Filipo ana miaka minne sasa. Tulikuwa tumekubaliana kutolitaja jina la Editha mbele yake, wala hana dada. Nimemzaa yeye peke yake. Ni mtoto mwelewa, anaongea vizuri, na hospitali walimpima masikio wakasema hayana kasoro. Lakini nikimwita, haitiki papo hapo. Hutazama kwanza mlangoni. Hungoja. Nami, kwa mazoea yale, nahesabu: moja, mbili. Ndipo anasema, "Naam, mama."

Wiki iliyopita nilimuuliza, nikiwa naanika nguo, kwa nini hanijibu upesi kama watoto wengine.

Alishangaa kwamba nauliza.

"Namwacha dada aitike kwanza," alisema.