Ua wa Malkia

"Bibi harusi ameingia. Ua wa tatu."

Sauti ya Théodore, mkuu wa kitengo chao cha kulinda mashahidi, ilikatika ndani ya kisikilizio kilichofichwa na rasta za Jocelyne Kavira. Bibi harusi lilikuwa jina la siri la Damien, mwenzake wa miaka sita kazini. Tangu juzi ilijulikana kuwa ni msaliti.

Ilikuwa Jumamosi ya Agosti 2017, saa tano asubuhi, baridi kavu. Jocelyne alikuwa miongoni mwa wageni waliokuja kutazama kasri la Ranipura. Wafalme wa Kihindi walilijenga Rajasthan karne tatu zilizopita. Lilipobaki magofu, tajiri mmoja alilinunua, akalisafirisha jiwe kwa jiwe na kulisimamisha upya kwenye kilima cha Observatory, Johannesburg.

Damien alikuwa na flashi ya kompyuta mfukoni. Ndani yake, majina na anwani za Wakongo kumi na tisa waliojificha jijini humo, mashahidi dhidi ya kamanda aliyechoma vijiji vyao.

Mtu wa kamanda alikuwa anamsubiri.

Khatibu, mwongoza wageni, hakuwa na haraka. Aliwapitisha ua wa kwanza, ambako zamani wageni walishuka kutoka migongoni mwa tembo. Akawaonyesha ua wa pili, mfalme alikosikiliza mashauri. Kisha akanyoosha kidole kwenye kuta za mawe zilizotobolewa matundu madogo madogo kama kitambaa cha lesi.

"Nyuma ya hizi kuna ujia unaofika ua wa tatu, wa malkia," alisema. "Yeye aliwaona wote. Hakuna aliyemwona."

Ujia ulizibwa kwa kamba tu. Kundi lilipogeuka, Jocelyne aliivuka.

Giza. Mabega yake yaligusa kuta pande zote mbili. Akachomoa bastola yake, Glock 19 yenye kizuia sauti, akachungulia tunduni.

Damien alisimama kando ya chemchemi iliyokauka. Mbele yake, mwanamume wa suti ya kijivu alikuwa amenyoosha mkono.

Jocelyne akatoka.

"Usimpe."

Suti ya kijivu akaingiza mkono kotini. Glock ilikohoa mara moja. Bastola ya mwanamume ikaanguka ndani ya chemchemi, naye akaanguka juu yake, ameshika bega.

Damien hakukimbia.

"Wanaye mama yangu, dada. Kule Goma. Nisipoitoa, wanamuua."

"Ungeniambia."

"Ungefanya nini?"

Jocelyne alimpenda yule mama. Aliwahi kula kwake. Akafungua vidole vya Damien kimoja kimoja, akaitwaa flashi.

"Shefu, ninayo."

Kisikilizio kilikwaruza.

"Ivunje," Théodore akasema. "Kamanda amepatana na wakubwa wa serikali. Kesi imefutwa asubuhi hii, na anapewa cheo. Kitengo chetu kinafungwa Jumatatu."

"Na mashahidi?"

"Eish, Jocelyne. Kila mmoja atajitafutia njia."

"Na Damien?"

"Mwache. Majeruhi tutamchukua sisi."

Aliiweka flashi juu ya jiwe, akaikanyaga kwa kisigino mpaka ikawa vipande. Wale kumi na tisa hawakuuzwa leo. Hakuna aliyewahitaji tena, isipokuwa wa kuwaua.

Damien alikuwa ameketi ukingoni mwa chemchemi, simu sikioni. Iliita Goma. Ikaita. Haikupokelewa.

Jocelyne alificha bastola, akapita ua wa pili, akapita wa kwanza. Langoni Khatibu alimuuliza kama alipapenda. Alimjibu kuwa pamejengwa vizuri, akavaa miwani yake ya jua, akateremka kilima kuelekea kwenye robot, taa ya barabarani, ambayo ilikuwa nyekundu. Akasubiri iwake kijani kama watu wengine, kisha akavuka.