Sarafu Iliyokula Mayai

Tangu Jumatatu, Qingmiao hakuweza kuufukuza uvumi ule kichwani. Akinywa uji wa mchele asubuhi, upo. Akifagia darasa, upo. Eti mama mmoja wa ng'ambo ya daraja ameuza sarafu moja tu ya kale ya madini ya fedha, ile ya ukumbusho wa kuanzishwa kwa Jamhuri, akanunua nyumba ya ghorofani.

Na bibi yake alikuwa nayo kama hiyo. Aliachiwa na marehemu mama yake, akaihifadhi kwenye kopo la chai. Mtoto akipata homa, bibi huchemsha yai, huichomeka sarafu ndani lingali moto, hulifunga kitambaa na kumkanda nalo mgonjwa kwenye paji la uso. Sarafu hutoka nyeusi, naye huisugua kwa majivu hadi ing'ae tena.

Jumamosi, bibi alipokwenda dukani, Qingmiao aliitia mfukoni akaenda soko la vitu vya kale, kwa muuzaji aitwaye Pu.

"Mjomba, hii ina thamani gani?"

Pu aliipuliza ukingoni, akampa mgongo ili ausikilize mlio wake, kisha akageuka, akamrudishia sarafu na kutikisa kichwa. "Ya kuigiza, binti. Haina mlio. Kaichezee na wenzako."

Qingmiao aliirudisha kwenye kopo kimyakimya.

Kesho yake mdogo wake aliamka na homa. Mama alimpa dawa ya zahanati, na bibi akachemsha yai. Alipofungua kitambaa, alikaa akiitazama sarafu. Ilitoka vilevile ilivyoingia, bila hata doa.

"Miaka yote hutoka nyeusi," alisema. "Hii si yangu."

Qingmiao angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwona. Lakini bibi alikuwa akiigeuza na kuigeuza, kama aliyepotelewa na mama yake mara ya pili.

"Bibi, jana nilikwenda nayo sokoni kwa Pu."

Bibi hakugomba. "Vaa viatu," alisema.

Sokoni, Pu alikunja uso. "Bibi, hapa hupita watu wengi. Mtoto huyu simkumbuki."

"Sikukuuliza kama unamkumbuka." Bibi alivuta kigoda akaketi, akafunua kikapu. "Nina mayai kumi, ya moto. Tutazijaribu sarafu zako moja moja, wateja waone zipi zinabadilika rangi. Mimi sina haraka, mwanangu."

Muuza chai wa jirani akaangua kicheko. "Pu, leo umepatikana."

Wateja wawili walisogea. Pu akaingiza mkono kwenye koti, akatoa sarafu nyingine. "Labda zilichanganyika," alinong'ona.

Bibi aliitazama sarafu. Weusi wa zamani ulikuwa umejificha katikati ya maandishi. "Ndiyo hii, mla mayai wangu."

Wiki hiyo mtaalamu wa sarafu aliipima uzito mbele yao, akaukagua ukingo kwa kioo cha kukuzia. Ni halisi, alisema, ila zilitengenezwa nyingi, na kusuguliwa majivu kumeishusha bei. Ingenunua baiskeli, si nyumba. "Na yai msilitegemee. Siku hizi wengine huigiza kwa fedha halisi, nayo hugeuka nyeusi vilevile."

Njiani bibi alisema, "Kutaka kujua bei si kosa, mjukuu wangu. Kosa ni kwenda kwa siri. Pu aliona huna mtu nyuma yako. Bahati yetu ulisema kweli mapema."

Nyumbani bibi alitaja, Qingmiao akaandika, karatasi ikabandikwa kwenye kopo:

Usiamini bei ya uvumi.
Usiisugue sarafu ing'ae.
Usitegemee mlio peke yake, wala yai.
Usimpe mtu anayekupa mgongo.
Usiitoe nyumbani bila kumwambia mwenyewe.