Hawakumwuliza Jina

Jioni ile nilitoka nyumbani na kitabu cha watu nimekibana kwapani kama kuku wa kwenda kuchinjwa. Nilikuwa nakirudisha kwa Bi Tokie, na nilikuwa nimekasirika.

Wasomaji wa kweli hapa Yunosaki, mji mdogo wa chemchemi za maji moto, tuko watatu tu. Mutsuko, mwenye duka la vitabu vya mitumba, hapendi kitu ila hadithi za mauaji ya upole: kijiji kizuri, mwoka keki mwenye paka, maiti mapema, na muuaji akishakamatwa watu wananywa chai. Bi Tokie, mjane mzee anayeishi juu kilimani, yeye ni wa vitabu vya wasaka mizimu. Mimi, Fumie, navisoma vyote, na vyote vinaniudhi.

Nimemwambia Mutsuko mpaka nimechoka. Katika hizo hadithi zako, nani anamlilia marehemu? Mtu kapigwa chungu cha maua kichwani, majirani wanabishana juu ya unga wa keki. Maiti imekuwa kisingizio cha kukaribisha wageni. Mutsuko hucheka tu. Hunijibu kwamba huzuni ipo tele nje ya vitabu, na bure, sasa yeye ainunue ya nini?

Lakini kile cha kwapani kilinichoma zaidi, maana kilihusu mji wetu. Vijana fulani kutoka mji mkuu walikwenda kulala Kasumiya, ile nyumba ya wageni iliyofungwa zamani, na kamera zao na vidude vya kupimia baridi. Inajulikana kuwa kuna mtumishi wa kike aliyefia humo, kwenye bwawa la maji moto. Basi kurasa na kurasa vijana wanagonga kuta na kupayuka gizani kwamba kama yupo, awape ishara. Wakasikia maji yakichuruzika. Wakakimbia. Wakaandika kitabu.

Jina lake hawakuuliza. Kitabu kizima, “mtumishi”, “yule mtumishi”. Mbwa wa mlinzi ametajwa kwa jina.

Hiyo ndiyo hasira niliyopanda nayo kilima.

Nyumba ya Bi Tokie ni ya mwisho kabla ya Kasumiya. Jua lilikuwa limeshazama, na taa ndogo ilikuwa inawaka ndani. Nikapiga hodi, nikausogeza mlango.

“Pita,” sauti ikanong'ona.

Haikuwa ya Bi Tokie.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa aproni, taa iko nyuma yake. Sura sikuiona vizuri. Nywele zilikuwa mbichi, zimemshika shingoni kama mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Nikadhani ni mtu wa kumsaidia bibi kazi. Nikamuuliza kama Bi Tokie katoka. Akaitikia kwa kichwa.

Palikuwa na harufu... Mji wetu wote unanuka kiberiti kwa ajili ya chemchemi, hata hatuisikii tena. Hii niliisikia. Ilikuwa ya maji yale yale, lakini yaliyopoa na kukaa mahali pamoja muda mrefu.

Aliangalia kitabu. “Umekipenda?”

Na mimi ukiniuliza habari ya kitabu umejitakia mwenyewe. Nikakaa kwenye ngazi ya mlangoni, viatu miguuni, nikamwaga yote: vijana, vidude, kelele. Nikasema mimi ningekuwa mzimu nikasumbuliwa hivyo, ningekaa kimya, nisingewapa hata chafya. Alisikiliza vizuri. Nilikuwa nikiinamia kurasa kumwonyesha upuuzi wenyewe, na kila nilipoinua macho alikuwa amesogea karibu zaidi.

Mkeka haukutoa sauti.

“Wameandika jina?” akauliza.

“La nani?”

“La mtumishi.”

“Hawakuandika. Hata kuuliza hawakuuliza.”

Kitu kikawa kinadondoka mahali fulani, tone... tone... Nikaona ni nywele zake. Maji yalikuwa yanaangukia mkekani, na mkeka ulikuwa mkavu.

“Wewe ungeuliza?”

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. “Lingekuwa swali langu la kwanza.”

“Basi uliza.”

Mlango ulikuwa mgongoni kwangu, wazi. Ningeweza kutoka. Lakini nilikuwa nimejigamba mbele yake muda wote ule, na alikuwa ananitazama kama mtu anayengoja kupewa maji ya kunywa.

“Unaitwa nani, dada?”

Akafungua mdomo.

Kikatoka kilio cha maji, kama bwawa linapozibuliwa na kuanza kunyonya. Midomo ilikuwa inatafuta. Akaifunga, akajaribu tena. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika mlangoni kwake, anajipapasa mifukoni, ufunguo haupo.

“Sikumbuki,” akanong'ona. “Nitafutie.”

Taa ikazimika.

Sijui nilishukaje kile kilima. Kitabu nilikiacha.

Mutsuko alikuwa anafunga duka. Alinishika mikono, akaniingiza ndani, akanipa chai na kiazi kitamu cha kuchoma, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu macho yakaanza kumng'aa. Akauliza nani mwingine ana ufunguo wa nyumba ile, nani anakitaka kile kiwanja, kama mpwa wa Bi Tokie ana madeni. Mimi nimetoka kuona mzimu, yeye anasaka muuaji wa kijijini. Nilitamani kumrushia kile kiazi.

Nikamwambia ampigie simu Bi Tokie, tumalize ubishi. Akapokea binti yake. Alisema mama amelazwa hospitalini tangu asubuhi, kifua, na kwamba yeye binti ndiye aliyeifunga nyumba.

Mutsuko akaiweka simu chini. Hakuuliza tena habari za mpwa.

Kesho yake nikaenda hospitali. Bi Tokie alinisikiliza macho yakiwa darini, kisha akaniambia kwa sauti ndogo. Mwanamke yule alifika Kasumiya majira ya baridi, kwa miguu, wakati Bi Tokie mwenyewe ni msichana wa kazi pale. Alikuwa amemkimbia mume. Akajiandikisha kazini kwa jina la rafiki yake ili asifuatwe. Alipokutwa bwawani, polisi walipeleka habari kwa jamaa wa mwenye jina lile, naye mwenyewe akaja, mzima, analia, akiomba jina lake lisiandikwe kaburini. Akakataa kabisa kumtaja mwenzake, kwa kumwogopa yule mume. Basi hekalu likamzika pamoja na wasio na ndugu, bila jina.

“Huja kwangu jioni,” Bi Tokie alisema. “Miaka mingi sasa. Vile vitabu humsomea yeye. Nilidhani labda siku moja kimoja kitamtaja.”

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kumuuliza mwenyewe.

“Nilijua hana. Mtu hana kitu, ya nini kumwomba?” Akanigeukia. “Wewe umemuuliza, mwanangu?”

Nikaitikia.

Bi Tokie akageuza uso ukutani, na hakusema nami tena siku ile. Wala nyingine. Alifariki kabla theluji haijaanza.

Nimetafuta. Nimekwenda hekaluni, nimekwenda polisi, nimewakalisha wazee mpaka wameanza kunikimbia. Yule rafiki mwenye jina alikwisha kufa, wanawe hawajui kitu. Wote wanakumbuka kifo. Wanakumbuka theluji ilikuwa nyingi kiasi gani. Yeye hakuna anayemkumbuka. Kila mlango niliobisha nimerudi mikono mitupu, na kila jioni narudi nikijua kuna mtu ananingoja.

Kwa sababu sasa huja kwangu.

Kwanza ile harufu. Halafu tone... tone... nje ya mlango. Halafu anaanza kujaribu majina, moja moja, polepole, kama mtu anayejaribu viatu vya watu.

“Kiyo...?”

“Sadako...?”

“Mitsue...?”

Baada ya kila jina hungoja kidogo. Mimi hukaa ndani na kujibu hapana. Si hilo, dada. Nimejaribu kunyamaza, lakini nikinyamaza husogea. Mutsuko siku hizi huja kukaa nami. Yeye husikia maji tu. Hazungumzi habari za wapelelezi.

Jana jioni Mutsuko hakuja. Harufu ikaja mapema. Akajaribu majina mawili matatu, nikayakataa. Kisha matone yakakoma, nikadhani ameondoka.

“Fumie,” akasema.

Hakuliuliza. Alilitamka kwa utulivu, kama mtu aliyefika nyumbani. Nilitaka kusema hapana, hilo ni langu. Lakini lilikuwa limemkaa vizuri sana... nikachelewa kujibu.

Leo asubuhi nilikuwa naenda sokoni. Mutsuko anasema ameniita jina langu kwa nguvu kutoka upande wa pili wa barabara, tena na tena, watu wote wakageuka.

Mimi sikugeuka.