Nzuri Kwanza

Binti muuza mapazia alikuwa akimpimia mteja kitambaa cha dirisha alipoona viatu. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, vimetulia chini ya pazia la zambarau lililoning'inia mwisho wa duka. Ilikuwa Jumamosi, soko la vitambaa linavuma, spika za maduka zinabishana. Siku kama hiyo mtu mwenye akili zake husimama mbele ya pazia, si ndani yake.

Alilifungua. Akakuta kijana mrefu, shati jeupe limefungwa vifungo hadi shingoni, macho kayafumba.

"Kaka, hilo pazia unalinunua au umehamia?"

"Sijahamia. Nje kuna kelele. Humu kelele ziko mbali. Nikae kidogo?"

Mwenye duka mwingine angemwitia mlinzi. Yeye alitazama mwanga wa zambarau ulivyomlala usoni yule kijana, akalirudisha pazia taratibu. Jumamosi iliyofuata viatu vilirudi, na safari hii alivingoja.

Kijana alikuwa fundi miwani, akisaga vioo katika chumba kidogo ghorofani, ng'ambo ya barabara. Mapenzi yao yakaota hapo hapo katikati ya vitambaa, mmoja akisema na mwingine akisikiliza, wote wawili wameridhika.

"Niite basi mpenzi, laazizi, chochote," binti alimtania siku moja.

"Kwa nini? Tuko wawili tu. Nikisema kitu utajua nakuambia wewe."

"Mungu wangu, nimependa jiwe."

"Mawe hayapigi simu."

Kweli, alipiga kila siku baada ya chakula cha mchana. "Kioo cha leo kimetoka safi. Nakupenda. Kwaheri." Binti alicheka hadi akashika mbavu, kisha akamfundisha. Simu haianzi hivyo, mpenzi. Mtu anakuuliza habari, nawe unasema nzuri. Hata kama paa linaungua, nzuri kwanza. Fundi alilishika somo hilo kama alivyoshika vipimo vya vioo.

Likaja la kwenda kwa mama. Binti alimfunda wiki nzima: mtazame mtu usoni, dada yangu akicheka nawe cheka, usitoke mezani ghafla. Siku ilipofika alikuja na koti la kijivu na tabasamu lisilopungua. Alimtazama kila mtu usoni, akacheka mahali pa kucheka. Mama alimnong'oneza bintiye jikoni kwamba mkwe kapatikana. Ukiona vyaelea vimeundwa, lakini nani alikumbuka kuuliza vimeundwa kwa gharama gani?

Walipokuwa wakirudi binti alimkumbatia mkono. "Ungekuwa hivi kila siku, mpenzi wangu, ningetaka nini tena duniani?"

Basi akawa hivyo kila siku. Aliacha kuingia ndani ya pazia. Alisimama nje na wateja, akiwatania, huku spika zikimpigia masikioni. Alimwita laazizi. Simu zake zikawa laini kama za wanaume wote.

"Habari yako?"

"Nzuri, laazizi."

Na binti, aliyepewa alichokiomba, akaanza kumkosa mtu asiyemjua vizuri ni nani.

Alasiri moja fundi alileta kisanduku cha vioo vya rangi, alivyovisaga tangu ujana wake. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuvigusa. "Vikae kwako," alisema. "Wewe utavitunza."

Binti akaelewa anachoelewa kila mpenzi anapopewa zawadi ya kuagana. "Umepata mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Basi unaniacha tu, hivi hivi. Nenda." Alimgeuzia mgongo, akakunja mapazia yaliyokuwa yamekunjwa tayari. Kiburi kilimzuia kulia mpaka fundi alipotoka.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, simu ililia. Ni dada mkubwa wa fundi, muuguzi wa mji wa jirani. "Wifi, mdogo wangu kaniletea saa ya marehemu baba. Wewe kakupa kitu?"

Binti akataja kisanduku.

"Sikiliza. Alipokuwa chuoni alitaka kujiua. Wakati ule pia aligawa vitu vyake. Mimi nipo njiani nakuja. Nenda ukae naye, na umuulize waziwazi, neno lenyewe. Kumuuliza hakumpi wazo ambalo hana."

Duka likafungwa mchana kweupe. Binti alipanda ngazi za ghorofa. Fundi alikuwa mezani, kioo mkononi, mashine imezimwa.

"Habari?"

"Nzuri."

Alivuta kiti, akakaa. "Unafikiria kujiua?"

Fundi alikiweka kioo chini. Tabasamu lile lilimtoka, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu aliyechoka sana. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kwa mama yako. Nimechoka kuwa yule mtu. Na yule ndiye unayempenda."

"Mbona hukuniambia? Nilikuuliza kila siku."

"Uliuliza habari. Jibu lake ulinifundisha."

Binti alilia, na wala hakujificha. "Mimi nilimpenda aliyekuwa ndani ya pazia," alisema. "Yule mwingine nilimtengeneza kwa ajili ya watu. Nisamehe." Alikaa naye mpaka dada akafika, na jioni haijaingia wote watatu walikuwa hospitali.

Daktari aliwaeleza kwa upole. Hali ile ya kuzidiwa na kelele na kusema mambo bila kuyazungusha inaitwa usonji; mtu huzaliwa nayo, na wako watu wazima wengi wanaoishi nayo bila kujua. Wakijifanya wengine kutwa kucha, huchoka hadi wakaona heri wasiwepo. "Hatari yake ni ya kweli," alisema, "na msaada wake pia upo." Fundi alimwambia miwani yake imepinda upande wa kushoto. Daktari akaivua, akampa ainyooshe.

Ilichukua miezi, na kulikuwa na siku mbaya. Siku moja walikwenda tena kwa mama. Fundi hakusema mengi, na kelele zilipozidi alitoka uani. Mama aliuliza kama mkwe kakasirika.

"Kelele zimemchosha, mama."

"Hata mimi," mama akasema, akabeba kiti chake, akaenda kukaa naye.

Jioni hiyo walitembea polepole kurudi mjini, taa za barabarani zinawaka moja moja.

"Siwezi kukuahidi yale mawazo hayatarudi," fundi alisema. "Nakuahidi yakirudi nitakuambia. Hata usipouliza."

Binti alisimama. Wanaume waliomtongoza walishamwahidi nyumba, dhahabu na mengine mengi. "Basi nioe," alisema.

Fundi alifikiri, kwa kuwa hakuwa mtu wa kujibu asichokifikiria, na binti akangoja, jasho likimtoka.

"Ndiyo."

"Harusi unaitaka lini?"

"Siku yoyote utakayopenda," alisema. "Nataka kuwepo."