Mashine Iliyopewa Jina la Xavier

Betri ilikuwa pembeni, juu ya kitambaa, na feni ya ile mashine ilikuwa inazunguka.

Fundi Atumani aliitazama, bisibisi mkononi. Feni ilizunguka kidogo, ikatulia, ikazunguka tena. Mtu mwenye akili zake angefunga duka akaenda kuswali. Lakini fundi ni fundi, kila kitu lazima akitafutie sababu. "Umeme ulibaki ndani," akajisemea, akabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka feni ikanyamaza, akaendelea kufungua skrubu.

Ilikuwa kompyuta ya kubeba, lakini zile nene, nzito kama tofali, ambazo mainjinia wanachorea majumba. Mwenyewe, Xavier wa Musaga, alikufa kwa ugonjwa wa mapafu wakati wa mvua. Mkewe Consolate ndiye aliyeileta pale dukani, mtaa wa Rohero, akiwa na binti yao wa pekee, Joëlla. Ofisi moja ya Kigobe ilikubali kumpa msichana kazi ya kuchora ramani za nyumba, mradi aje na mashine yake mwenyewe, tena yenye nguvu. Na kazi mjini hapa ukiiachia imekwenda. Consolate akasema mashine ya baba ipo, iongezwe nguvu, mtoto aanze Jumatatu.

Sasa hapo ndipo penye kosa, na mimi nitalisema, maana watu wanapenda kulizungukazunguka. Familia ilikuwa bado haijaganduka. Mtu akifa kwetu, vitu vyake haviguswi mpaka siku ya kuganduka, ukoo ukutane, wanywe pamoja, msiba umalizwe, ndipo kila mmoja apewe chake. Consolate alijua. Shemeji yake Sylvère alimkataza kwa mdomo wake. Yeye akaona ni mambo ya zamani, kompyuta si mkuki wala jembe. Haya, kwani msiba unachagua vitu?

Atumani, Mwislamu wa Buyenzi, hakuambiwa lolote. Alitoa diski ya zamani akaweka mpya, tupu kabisa. Akang'oa kibodi, akaongeza memori chini yake, akafuta vumbi. Vumbi lile lilinuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi. Alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, harufu haikutoka.

Mashine ilipowaka ikauliza jina la mwenyewe.

"Niandike Joëlla?" Atumani akauliza.

"Apana," Consolate akasema. "Andika Xavier. Sitaki jina yake ipotee."

"Mama, lakini mashini ni ya mi sasa," Joëlla akasema polepole.

"We weka kidole tu, mutoto yangu. Jina achia papa."

Atumani akaandika Xavier. Joëlla akaweka kidole pale pa kusomea alama za vidole. Mashine ikataka tena, akaweka, ikataka tena, na tena. Mwisho akakitoa upesi, akakishika kwa mkono mwingine.

"Inavuta," akasema.

Walicheka. Ndiyo, walicheka, na Consolate mpaka leo anakikumbuka kile kicheko kwa aibu.

Kazini Joëlla alisifiwa mwanzoni. Kisha bosi akaanza kuuliza kwa nini kila nyumba anayochora inatoka na chumba kimoja kisicho na mlango wala dirisha. Joëlla alikifuta. Asubuhi kilikuwa kimerudi, na siku alipoulizwa nani analala humo, akakifuta tena.

Jumamosi moja Consolate alikuwa jikoni anachambua maharage, umeme umekatika tangu alfajiri, mtaa wote kimya, akasikia feni sebuleni ikivuta pumzi, ikakaa sana, ikavuta tena na kile kifilimbi chembamba mwishoni, vilevile kama Xavier alivyovuta kitandani hospitalini, zile siku mkewe alipokuwa anamshika mkono na kumwomba Mungu pumzi nyingine ije, ije tu hata moja, na sasa ilikuwa inakuja, inakuja bila kuombwa, pamoja na harufu ya udongo iliyopita chini ya pazia ikamfikia miguuni. Maharage yalimwagika. Sebuleni, Joëlla alikuwa amekaa mbele ya mashine iliyowaka, umeme hakuna na betri imetolewa, imelala pembeni, na kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka pamoja na ile feni.

"Joëlla," mama akanong'ona.

Kisha akakimbilia dukani kwa fundi.

Atumani alipopewa habari, safari hii hakutafuta sababu. Aliwachukua wote mpaka Buyenzi kwa shehe Massoudi, anayesomea watu wenye majini. Shehe alimsomea msichana mpaka sauti ikamkauka. Kisha akamvuta Consolate pembeni.

"Huyu si bwana yako, mama. Bwana yako alienda zamani. Kiti yake ilibaki wazi, msiba haijaisha, mukaita jina. Kitu kilikuwa kinapita, kikaitika."

"Mukitoe, shehe. Mi niko na huyu mutoto mumoja tu."

"Chenye kimeingia kwa nguvu, ninatoa. Hiki mulikipa jina, mutoto akakipa kidole. Kimekaribishwa."

"Tuvunje mashini?"

"Muvunje," shehe akasema. "Lakini mi sijui kama kingali mule."

Atumani aliivunja kwa nyundo, akachoma vipande. Joëlla alitazama moto mpaka ukazimika. Nyumba ikatulia, na Consolate akaanza kupata matumaini, maskini. Sylvère akaharakisha kuganduka. Alisema msiba ukifungwa, na kile kiti kitafungwa.

Siku ikafika, jua kali, ukoo mzima uani chini ya turubai, pombe ya ndizi imemiminwa. Consolate alivua kitambaa cheusi alichofunga kichwani tangu mazishi, akakikunja mapajani. Sylvère akasimama.

"Ndugu yetu ametuacha. Leo tunamaliza kumulilia. Xavier, enda salama."

Watu wakanyamaza. Katika kimya kile ikasikika pumzi ikivutwa, ikakaa sana, ikavutwa tena na kifilimbi mwishoni. Ilitoka upande wa wanawake. Ilitoka kifuani mwa Joëlla.

Alisimama, akawatazama wageni mmoja mmoja, akaishia kwa mama yake. Mtoto wa kwetu hamwiti mama yake kwa jina, hata akasirike vipi.

"Consolate," akasema, kwa upole kabisa. "Munalilia nani hapa?"

Consolate alimwangalia, akamtafuta mwanawe mle machoni, akamtafuta sana. Kisha akakikunjua kile kitambaa cheusi, akajifunga tena.