Nyapara wa Lori la Kuni

"Chemutai, nifichie hii moja tu. Hii moja, halafu basi."

"Alhamisi pia ulisema moja, Gibson. Na wiki ile ingine."

"Kwani wewe ni mke wangu ama ni mke wa kampuni?"

Chemutai alinyoosha mkono kupitia dirisha dogo la ofisi ya usafiri, akaipokea ile karatasi ya duara na kuisokomeza ndani ya sweta kabla mtu hajaona.

Nyinyi wa siku hizi mna raha. Mnachomeka kidude cha GPS chini ya dashibodi, mnakaa kwenye kochi, mnamfuata mtu kwa simu mpaka geti aliloingia. Mwaka wa 1996, katika kiwanda kimoja cha majani chai nje kidogo ya Litein, kazi hiyo ilifanywa na mashine iliyokaa nyuma ya saa ya spidi. Asubuhi dereva aliingiza karatasi ya duara, na sindano ikachora mchana kutwa: lori limeondoka saa ngapi, limekwenda umbali gani, limesimama kwa muda gani. Jioni dereva aliitoa na kumpa karani. Madereva waliita mashine hiyo Nyapara, maana haikusinzia wala haikuwa na rafiki.

Karani alikuwa Chemutai. Gibson, mume wake wa miaka saba na baba wa binti yao Cherop, aliendesha lori la kuni za boila. Wapakiaji walikaa huko huko msituni, mbele ya Kaplong, kwa hiyo njiani alikuwa peke yake, yeye na Nyapara.

"Lakini si umwambie tu Phelix ukweli?" Chemutai aliuliza kwa sauti ya chini. "Mwambie senge yako anaumwa mguu, unampeleka hospitali abadilishwe bandeji. Ni shangazi yako, si mtu wa barabarani."

"Phelix? Yule hata mvua ikinyesha anauliza imepewa ruhusa na nani. Atanifuta."

"Haya. Na senge anaendeleaje?"

"Anashukuru Mungu. Na kwanza nimemshinda akili huyu Nyapara. Nikisimama sizimi injini. Ikinguruma, yeye anadhani natembea."

"Sasa kama umemshinda, mbona nafichaficha?"

Gibson alicheka, akapiga ukingo wa dirisha kwa funguo. "Ni kuhakikisha tu, mama Cherop."

Akaenda zake akipiga mluzi. Chemutai alifungua daftari, akaandika kama alivyoandika mara saba zilizopita: *Karatasi ililowa na mvua.* Nyumbani alikuwa na mkebe wa mafuta ya Kimbo juu ya kabati, na ndani yake karatasi hizo zilikuwa zimelala bila doa la maji. Alijua akishikwa kazi imeisha. Lakini mapenzi ya Chemutai yalikuwa hivyo, ukimwomba chumvi anakupa na chungu.

Jumatano Phelix, mkuu wa usafiri, akamwita mezani kwake. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa, mpole wa sauti, lakini jicho lake halikupitwa na kitu.

"Mama Cherop, nieleze. Lori kumi na moja ziko barabarani. Mbona mvua inaingia kwa moja tu?"

"Labda mlango wake haufungi vizuri, Bwana Phelix."

"Labda. Sasa njoo nikufundishe kusoma hizi karatasi, maana mimi mwezi ujao niko likizo." Alitandaza karatasi ya lori lingine. "Huku juu ni spidi. Hapa katikati ni saa. Hii zigizaga ya chini ni umbali. Kupanda ni kilomita tano, kushuka ni kilomita tano. Hapa mstari umelala, lori limesimama."

"Hata kama injini inanguruma?"

Phelix aliinua macho. "Sindano haisikii injini. Inasikia magurudumu. Nani amekwambia mambo ya injini?"

"Hakuna. Nilikuwa nauliza tu."

Kabla Phelix hajaendelea, simu ya ofisi ikalia. Chemutai alishukuru Mungu, akaikimbilia.

"Hello, usafiri."

"Hello, habari ya kazi? Naomba kuongea na dereva Gibson." Ilikuwa sauti ya msichana, yenye haya kidogo.

"Ametoka na lori. Nimwambie nani?"

"Mwambie ni Rodah. Napiga kutoka Kaplong, namba nimeitoa kwenye mlango wa lori, na shilingi zangu zinaisha. Mwambie wazee wamekubali ile Jumamosi aliyoomba. Waje saa tano, baba hapendi watu wa kuchelewa."

Chemutai alimpa Phelix mgongo.

"Jumamosi kuna nini, dada?"

Rodah alicheka kwa furaha ya mtu aliyesubiri kuulizwa. "Si ni koito yetu! Wanakuja kuniposa. Na wewe ni nani, ndio nimwambie umenisaidia?"

"Mimi? Mimi ni karani tu."

"Asante, karani. Mungu akubariki."

Simu ikakatika.

Mchana huo Chemutai alijifungia nyumbani na mkebe wake. Alitandaza karatasi nane juu ya kitanda alicholala na mume wake. Jumanne, Alhamisi. Jumanne, Alhamisi. Zote zilisema jambo moja. Kupanda tano, kushuka tano, kupanda tena karibu kufika juu. Kilomita kumi na nne. Hapo mstari ulilala kuanzia saa nne na dakika ishirini mpaka saa tano unusu. Na katikati ya kila karatasi, kwa mwandiko wenye G ya mkia mrefu, Gibson alikuwa ameandika jina lake.

Alilia mpaka kifua kikauma. Alilia kwa hasira pia, kwa sababu uchafu wa mtu alikuwa ameutunza yeye, kwa mikono yake, kwenye mkebe wake.

Jioni Gibson alirudi, akala, akajinyoosha.

"Mama Cherop, Jumamosi mimi na Kipsang tuko Bomet. Kuna msiba."

Kipsang alikuwa kaka yake mkubwa, aliyekula Krismasi zote katika nyumba hiyo.

"Nani amekufa?"

"Bibi ya rafiki yetu. Humjui."

"Pole zake. Alikuwa mgonjwa?"

"Ni Mungu tu. Unipigie pasi lile shati jeupe."

"Shati jeupe kwa msiba?"

"Kwani msiba ni wa watu wachafu?"

Chemutai alimwangalia akichokoa meno. Nusu ya moyo wake ilitaka kumrushia sufuria. Nusu nyingine, na hii ndiyo iliyomwaibisha, ilikuwa bado inamwomba aseme neno moja la kweli amsamehe. Neno halikuja. Akampigia shati pasi.

Ijumaa asubuhi aliweka mkebe wa Kimbo mbele ya Phelix.

"Hizi ndizo zilizolowa."

Phelix alizipitia moja moja. Alivua miwani.

"Mama Cherop, unajua nikiandika hii ripoti, mnaenda wote wawili?"

"Andika."

"Una mtoto."

"Ndio maana nasema uandike. Sitaki mtoto wangu akue nikificha. Lakini kwanza nikuombe kitu kimoja, Bwana Phelix. Kesho nipeleke na pikapu yako kilomita kumi na nne. Hata moja isizidi."

Jumamosi mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na majani chai yanang'aa pande zote. Chemutai hakuangalia barabara. Macho yake yalikuwa kwenye namba za dashibodi. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na nne.

"Simamisha hapa."

Kando ya barabara bibi mzee alikuwa anauza ndizi mbivu. Chemutai alishuka, akamsalimia kwa Kikalenjin.

"Chamgei, kogo. Kuna lori la kuni husimama hapa?"

"Chamgei mising. Lori? Wacha hiyo lori! Jumanne inanguruma, Alhamisi inanguruma, dereva ako ndani kwa Mathew anakunywa chai. Kuku yangu imekataa kutaga juu ya hiyo kelele." Bibi akanyoosha kidole kwenye geti la mbao. "Leo amekuja bila lori. Kuna sherehe."

Kumbe ile akili ya kumdanganya Nyapara ndiyo iliyomtangaza kijiji kizima.

Phelix alibaki kwenye pikapu. Chemutai alivuka ua na karatasi zake nane, alizoazimwa na Phelix, chini ya kitenge. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi, na kabla hajaingia alisikia sauti ya shemeji yake Kipsang, nzito kama ya mhubiri.

"...Ndugu yangu ni mtu wa kanisa, wazee. Tangu Mungu amchukue marehemu Chemutai mwaka jana, huyu hajakula akashiba. Amebaki na katoto kamoja. Ndio tukasema, hapana, nyumba haiwezi kaa bila mama."

"Pole sana," akajibu mwenye nyumba, Mzee Mathew, baba yake Rodah. "Marehemu aliugua nini?"

"Malaria. Siku tatu tu."

Chemutai alishika mwimo wa mlango. Alikuwa amejiandaa kukuta mwanamke mwingine. Hakuwa amejiandaa kukuta ameshazikwa.

Akaingia.

"Chamgei, wazee. Mimi ndiye Chemutai. Shemeji, hiyo malaria ilinipata mwezi gani?"

Bilhah, mama yake Rodah, alikuwa anamimina mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu, na aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika. Gibson alisimama, shati jeupe limemkaa vizuri.

"Mzee, msimsikilize. Huyu ni kichaa wa kule kiwandani, hunifuata kila mahali."

"Keti chini, kijana," Mzee Mathew akasema. "Na wewe mama, maneno hayatoshi. Una nini mkononi?"

Chemutai alimgeukia msichana aliyekaa kwenye kona, amefunikwa leso mpya mabegani.

"Wewe ndiye Rodah?"

"Ndio."

"Huyu mtu hukutembelea Jumanne na Alhamisi, saa nne na dakika ishirini, anaondoka saa tano unusu?"

"Umejuaje? Na sauti yako... wewe si ndiye karani?"

"Ndiye mimi. Pole, siku ile sikuwa na nguvu ya kukwambia."

Akazipanga karatasi nane juu ya meza, katikati ya vikombe. Akaeleza pole pole, kama Phelix alivyomweleza: spidi, saa, umbali, na pale mstari unapolala. Mzee Mathew aliinama, akafuata mstari kwa kidole.

"Na jina hili katikati, nani aliandika?"

"Yeye mwenyewe. Rodah, huna barua yake?"

Msichana aliingia chumbani, akarudi na bahasha. Mzee alilinganisha G na G, akaona mkia ule ule. Kisha akampa Chemutai barua. Chemutai akaisoma kwa sauti:

"*Mpenzi Rodah, tangu nimzike mke wangu sikuwahi kucheka, mpaka siku ile ulinipa maji ya kuweka kwa rejeta. Yeye alikuwa mtu mzuri lakini amepumzika. Mimi sasa ni wako peke yako.*"

"Umenipeleleza!" Gibson akafoka. "Wazee, ni mke wa aina gani huyu anapeleleza mume wake?"

"Kumbe mimi ni mke? Nilidhani ni kichaa." Sauti ya Chemutai haikupanda. "Sikukupeleleza, Gibson. Kila jioni ulikuja dirishani, ukaniletea hizi kwa mkono wako, na jina lako umeandika. Mimi nilizificha kwa sababu uliniambia senge anaumwa. Nilikuwa tayari kufutwa kazi kwa ajili ya mguu wa senge yako. Na wewe ukanizika bila hata kununua sanduku."

Rodah alivua leso mabegani, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mapaja ya Gibson.

"Niliomboleza na wewe," akamwambia. "Nilimwombea huyu mama kila Jumapili. Kwa jina lake. Toka kwetu."

"Rodah, nisikilize kidogo..."

"Amesema utoke," Mzee Mathew akasema. "Na kaka yako akutangulie, asije akaua mtu mwingine hapa."

Jumatatu Gibson alifutwa kazi. Chemutai naye hakupona. Alitolewa ofisini, akapelekwa kuchambua majani kiwandani, asimame kutwa nzima. Phelix aliomba msamaha kwa kuandika ukweli, na Chemutai akamwambia ukweli haukosi bei. Alihamia na Cherop chumba kimoja sokoni Litein. Usiku wa kwanza alimkumbuka Gibson, sitaki kuwadanganya. Miaka saba si nguo ukaivua tu.

Wiki ya sita, Jumapili alasiri baada ya ibada, mlango ukabishwa.

"Mama Cherop. Ni mimi. Nifungulie."

Chemutai alikuwa amemsuka Cherop nusu ya kichwa. Mikono yake ikasimama.

"Nimekuja kuomba msamaha," sauti ikaendelea nje. "Shetani alinishika. Kipsang pia anasema samahani. Mama Cherop, uko ndani, nasikia redio. Fungua tuongee."

Alikuwa bado anaijua sauti ile, hata pale inapokatika kabla ya machozi. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akaweka kiganja juu ya komeo.

"Unamtafuta nani?" akauliza.

"Si ni wewe! Mke wangu. Chemutai."

"Chemutai alikufa mwaka jana. Malaria, siku tatu tu. Si ulimzika wewe?"

"Mama Cherop, tafadhali..."

"Marehemu hafungui mlango, Gibson."

Akaongeza sauti ya redio, akarudi kwenye kigoda, akaendelea kumsuka mtoto.